Setuid, sudo au setcap? Setgid, ACL au t? Kuchagua ruhusa maalumu kwenye Linux na Unix

Anayeuliza "niweke ruhusa gani hapa?" mara nyingi ana moja kati ya shida mbili. Huenda ana programu inayohitaji mamlaka makubwa kuliko ya mtu anayeiendesha: mhariri anataka kuwasha upya seva ya wavuti bila kumpigia fundi simu usiku, au programu iliyoandikwa hapo ofisini inataka kusikiliza poti 80. Au ana folda moja ya watu wengi, na kila siku kuna anayelalamika kwamba faili ya mwenzake haihaririki, au kwamba faili yake imefutwa na mtu asiyejulikana.

Shida hizi huchanganywa kwa sababu biti zake zinakaa mahali pamoja. Ruhusa tisa za kawaida, yaani kusoma, kuandika na kuendesha kwa mmiliki, kikundi na wengine, huandikwa kwa tarakimu tatu kama 755. Mbele yake inaweza kukaa tarakimu ya nne: 4 ni setuid, 2 ni setgid, na 1 ni biti ya kunata, ambayo wengi huiita t tu. Kwenye `ls -l`, amri ya kuorodhesha faili na ruhusa zake, biti hizi hazina safu yake. Zinakalia nafasi ya x. Ukiona s kwenye x ya mmiliki, hiyo ni setuid. Ukiiona kwenye x ya kikundi, ni setgid. Herufi t hukaa mwisho kabisa, kwenye x ya wengine. Herufi ikiwa kubwa, S au T, maana yake x yenyewe haipo chini yake, na mara nyingi ni dalili kwamba aliyeandika chmod, amri ya kubadili ruhusa, alikosea hesabu.

Njia hizi za zamani zina washindani: sudo, uwezo wa kerneli (kiini cha mfumo) unaowekwa kwa setcap, na orodha za ruhusa zinazojulikana kama ACL. Hakuna faida ya kuzishindanisha zote kwa mkupuo. Sudo haishindani na biti ya t, kwa sababu hazifanyi kazi moja. Kwa hiyo nitazitenga katika makundi mawili, la programu na la folda, lakini mizani itakuwa ileile.

## Vigezo

Upana. Mtu au programu inaazimwa mamlaka kiasi gani? Programu ikitekwa, mvamizi anaondoka na nini mkononi?

Mwonekano. Msimamizi atakayeirithi seva hii ataiona ruhusa hiyo kwa amri za kila siku, au mpaka ajue pa kuchimba?

Uimara. Ruhusa inabaki faili ikinakiliwa, programu ikisasishwa, nakala rudufu ikirejeshwa, au kazi ikihamishiwa mfumo mwingine?

Matunzo. Inamdai nani akumbuke nini, na mara ngapi?

Sikuweka "usalama" kama kigezo cha tano. Usalama unatokana na hivi vinne, na kuutaja peke yake huishia kwenye ubishi usio na mwisho.

## Kundi la kwanza: programu inayohitaji mamlaka

### Setuid

Programu yenye setuid huendeshwa kwa utambulisho wa mmiliki wa faili, hata kama aliyeiita ni mwingine. Mfano wa kila kompyuta ni `/usr/bin/passwd`. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika ndani ya `/etc/shadow`, faili ya manenosiri, lakini ni lazima aweze kubadili nenosiri lake. Passwd ni mali ya root, mtumiaji mkuu asiyezuiwa na ruhusa za kawaida, na ina ruhusa 4755. Ikiitwa tu inakuwa na mamlaka ya root, kisha yenyewe ndiyo inayohakikisha kwamba Asha anabadili nenosiri la Asha na si la Juma. Aliyebuni mpango huu ni Dennis Ritchie wa Bell Labs. Hataza yake iliombwa mwaka 1973, ikatolewa 1979, na baadaye ikaachwa huru kwa matumizi ya umma.

Upana ndio udhaifu wake mkubwa. Setuid ya root inatoa root yote, na ukaguzi wote umeachwa mikononi mwa mwandishi wa programu. Mwaka 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro katika pkexec, programu ya setuid iliyomo katika distro (mikusanyo ya Linux kama Debian na Fedora) karibu zote kubwa. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu toleo la kwanza la 2009, na iliweza kumfanya mtumiaji yeyote wa mashine ile awe root. Zaidi ya miaka kumi na miwili macho ya watu yalipita juu ya msimbo ule. Kama msimbo unaosomwa na dunia nzima ulifika huko, programu ndogo ya C iliyoandikwa ofisini Ijumaa jioni inahitaji unyenyekevu.

Si lazima mmiliki awe root, na hapa watu husahau. Setuid ya akaunti ya huduma isiyo na kitu kingine chochote ina hatari ndogo mno kuliko ya root.

Kwa mwonekano, setuid haina mpinzani. `ls -l` inaionyesha, mara nyingi kwa rangi nyekundu ya kupiga kelele, na `find / -xdev -type f -perm -4000` inakuorodheshea zote katika diski hiyo.

Uimara wake ni wa kati. Cp ya kawaida, amri ya kunakili, huiondoa biti. Chown, amri ya kubadili mmiliki, nayo huiondoa, hata ukiwa root, kwa hiyo mpangilio ni chown kwanza, chmod baadaye. Ukigeuza utabaki unashangaa kwa nini programu imegoma. Diski iliyopachikwa kwa chaguo la nosuid huipuuza kabisa, na flashi za USB kwenye Linux ya mezani hupachikwa hivyo kwa kawaida. Jambo la kukumbuka zaidi: Linux haiheshimu setuid kwenye skripti. Kati ya kerneli kufungua skripti na mfasiri, yaani programu inayoitekeleza kama bash au python, kuisoma kuna mwanya ambamo mtu anaweza kubadilisha faili, kwa hiyo waandishi wa kerneli waliamua kutoruhusu. Ukiweka 4755 kwenye faili ya `.sh`, ls itakuonyesha s nzuri kabisa na hakuna kitakachobadilika.

Matunzo yake ni mepesi kwa msimamizi na mazito kwa mwandishi wa programu. Inamfaa mtu anayetunza programu iliyokaguliwa vizuri, ndogo, yenye kazi moja, ambayo inapaswa kutumiwa na kila mtu kwenye mashine bila kuulizwa chochote.

### Setgid kwenye programu

Hii ni ndugu mdogo asiyesifiwa. Badala ya kuazima utambulisho wa mmiliki, programu inaazima kikundi cha faili. Kwenye Debian, `crontab` ina setgid ya kikundi cha crontab, na `chage` ina setgid ya kikundi cha shadow, kwa sababu inachohitaji ni kusoma `/etc/shadow` tu.

Upana wake ni finyu kwa namna inayopendeza: programu ikivunjwa, mvamizi anapata kile kinachofikiwa na kikundi hicho, basi. Mwonekano na uimara ni sawa na setuid. Matunzo yanadai uunde kikundi maalumu na uhakikishe faili zinazohusika zina ruhusa za kikundi zilizo sahihi. Ni kazi ya dakika chache, na sielewi kwa nini watu huruka hatua hii wakakimbilia 4755. Inamfaa yeyote ambaye programu yake inahitaji kufikia faili fulani au folda fulani. Haimfai anayehitaji jambo ambalo kerneli imemwekea root, kama poti ndogo mfano wa 80, au kubadili saa ya mfumo.

### Sudo

Sudo inageuza swali. Setuid inauliza programu ipi iwe na mamlaka. Sudo inauliza nani, kwenye mashine ipi, aendeshe amri ipi, kwa jina la nani. Ilianza karibu mwaka 1980 katika chuo kikuu cha jimbo la New York kule Buffalo, mikononi mwa Bob Coggeshall na Cliff Spencer, na tangu miaka ya 1990 imetunzwa na Todd C. Miller. Usidhani imeikwepa setuid: faili ya sudo yenyewe ni setuid ya root. Kilichobadilika ni kwamba mlango umekuwa mmoja, wenye mlinzi mwenye daftari.

Upana unaamuliwa na wewe, na hapo ndipo uzuri na mtego vinapokutana. Kanuni kama hii ni finyu:

`%wahariri ALL=(root) /usr/bin/systemctl restart nginx`

Kikundi cha wahariri kinaweza kuwasha upya nginx, yaani seva ya wavuti, hakiwezi zaidi. Lakini angalia unachoruhusu. Ukimpa mtu `sudo vim` ili ahariri faili moja ya mipangilio, umempa root, kwa kuwa vim, kihariri cha maandishi, inaweza kuita sheli (programu ya kupokea amri) kutoka ndani. Kwa kazi hiyo kuna sudoedit. Hata `systemctl status` iliyoonekana haina madhara iliwahi kuwa mlango: inafungua less, programu ya kusomea maandishi, na katika matoleo ya systemd (mfumo unaowasha huduma za Linux) kabla ya 247 mtu aliyeingia kwa sudo aliweza kutoka less akiwa na sheli ya root. Skripti unayoiruhusu pia isiwe katika folda ambayo wahariri wanaweza kuandika, la sivyo wataiandika upya wapendavyo. Nyota katika kanuni za sudo ziogope. Zinalingana na vitu vingi kuliko ulivyowaza.

Kasoro nazo hazikosekani. Mwaka 2021 Qualys walionyesha kasoro iliyokaa ndani ya sudo tangu 2011, iliyompa root hata mtumiaji ambaye hajaandikwa popote katika sudoers, faili ya kanuni za sudo. Waliokuwa wamesasisha walilala salama, wengine hawakulala.

Mwonekano ni wa aina mbili. Ukitazama faili ya programu hutaona chochote. Habari zote ziko `/etc/sudoers` na `/etc/sudoers.d`, na `sudo -l` humwonyesha mtumiaji alichoruhusiwa. Kwa upande mwingine, sudo ndiyo pekee katika kundi hili inayoandika kwenye kumbukumbu za mfumo nani alifanya nini na saa ngapi. Katika ofisi ya watu wengi jambo hilo lina uzito wake.

Uimara ni mzuri mno. Programu ikisasishwa, kanuni inabaki, maana inataja njia ya faili na si faili yenyewe. Skripti zinakubalika. Inapatikana Linux, macOS na BSD, ingawa OpenBSD tangu toleo 5.8 la mwaka 2015 imekuja na doas, iliyo fupi na nyepesi kusoma. Inapokwama ni ndani ya huduma au kontena iliyowashwa kwa sharti la kutoongeza mamlaka, lile la NoNewPrivileges. Humo sudo na setuid zote hugonga ukuta.

Matunzo: hariri kwa visudo pekee, kwa sababu kosa moja la nukta katika sudoers linaweza kumfungia nje kila mtu. Inamfaa msimamizi mwenye watu anaowajua kwa majina na kazi zinazotajika kwa amri kamili. Haifai pale ambapo programu yenyewe, bila mtu, ndiyo inayohitaji mamlaka kila sekunde.

### Setcap na uwezo wa kerneli

Tangu Linux 2.2 ya mwaka 1999, kerneli imegawa mamlaka ya root katika vipande. Kuanzia toleo 2.6.24 la mwaka 2008 vipande hivyo vinaweza kubandikwa kwenye faili. Leo vimezidi 40. Ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa stoo badala ya funguo zote za nyumba. Programu inayotaka poti 80 inapewa hiki tu:

`setcap cap_net_bind_service=+ep /opt/huduma/seva`

Ping ni mfano mzuri. Miaka mingi ilikuwa setuid ya root kwa sababu tu ilihitaji soketi ghafi. Baadaye distro kadhaa zikaipa `cap_net_raw` pekee. Android ilikwenda mbali zaidi: katika toleo 4.3 la mwaka 2013 programu zote za setuid na setgid ziliondolewa kwenye mfumo, uwezo wa faili ukashika nafasi yake. Kwa hiyo simu iliyo mfukoni mwako huenda inaitumia njia hii kuliko seva yako.

Kwa upana, basi, inaongoza, ila kwa sharti la kuchagua kipande sahihi. Vipande havilingani. `cap_net_bind_service` ni kidogo kweli. `cap_sys_admin` kimebebeshwa mambo mengi hivi kwamba hakiko mbali na root, na `cap_dac_override` kinampa mwenye nacho kuandika faili yoyote, pamoja na `/etc/shadow`. Kosa la kawaida kuliko yote ni kubandika uwezo kwenye mfasiri: ukiipa `/usr/bin/python3` uwezo wowote, umeipa kila skripti ya kila mtumiaji wa mashine ile. Programu za Node zina mtego huohuo, kwa kuwa faili inayoendeshwa ni node yenyewe.

Mwonekano ni mbaya, na kwangu hili ni zito kuliko wengi wanavyolichukulia. `ls -l` haionyeshi alama yoyote. Faili itaonekana 755 ya kawaida, na ni mpaka mtu akumbuke kuendesha `getcap -r / 2>/dev/null` ndipo itajulikana. Nimeona orodha za ukaguzi zinazotafuta setuid kwa bidii kubwa na hazigusi getcap hata mara moja.

Uimara ni dhaifu vilevile. Uwezo unakaa katika sifa za ziada za faili. Cp ya kawaida haiubebi, tar ya kawaida haiubebi, na programu ikisasishwa faili mpya inakuja bila uwezo huo. Dalili yake inajulikana: huduma iliyofanya kazi mwezi mzima inagoma asubuhi baada ya sasisho, ikilalamika kwamba haina ruhusa ya poti. Na ni mambo ya Linux. Kwenye macOS au BSD hutaipata.

Matunzo, kwa hiyo, yanadai kitu kinachorudia setcap baada ya kila sasisho. Inamfaa mtu mwenye programu iliyokusanywa, ya faili moja, kwa mfano iliyoandikwa kwa Go au Rust, na mwenye utaratibu wa usakinishaji unaojiendesha. Kama programu ni huduma inayowashwa na systemd, kuna njia yenye uimara zaidi: andika `AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE` katika faili ya huduma pamoja na `User=`. Uwezo unatolewa wakati wa kuwasha, haubandikwi kwenye faili, na uko mahali ambapo msomaji mwingine atauona.

## Kundi la pili: folda ya wengi

Kabla ya kulinganisha, jambo moja linalowapoteza wengi. Kwenye Unix, ruhusa ya kufuta faili haitoki kwenye faili. Inatoka kwenye folda iliyomo. Mwenye ruhusa ya kuandika ndani ya folda anaweza kufuta hata faili ya root yenye ruhusa 400, almradi folda haina ulinzi mwingine. Bila kulishika hilo, njia tatu zifuatazo hazitaeleweka.

### Setgid kwenye folda

`chgrp wahariri /srv/habari` kisha `chmod 2775 /srv/habari`. Kuanzia hapo, kila faili mpya ndani yake inachukua kikundi cha folda badala ya kikundi cha msingi cha aliyeiunda, na folda ndogo mpya zinarithi biti yenyewe. Kwenye FreeBSD na macOS hali ndiyo hiyo hata bila biti, kwa hiyo anayetoka huko hushangaa Linux inapomdai aiweke.

Upana: unashirikisha kikundi kimoja, hakuna mamlaka ya root yanayoguswa. Mwonekano: s iko wazi kwenye `ls -ld`. Uimara ni mzuri. Inanusurika karibu kila aina ya nakala rudufu, na chmod ya GNU ina tabia ya kuilinda: `chmod 755` kwenye folda haiondoi setgid, ni mpaka uitaje waziwazi, kwa mfano `g-s`. Lakini faili iliyohamishwa kwa mv kutoka kwingine ndani ya diski hiyohiyo inakuja na kikundi chake cha zamani, kwa kuwa haikuundwa hapo.

Matunzo yanahusu umask, yaani mpangilio wa kila mtumiaji unaopunguza ruhusa za faili mpya anazounda. Setgid inarekebisha kikundi, hairekebishi ruhusa. Mwenye umask ya 022 ataunda faili ya 644. Kikundi kitakuwa wahariri, na mhariri mwenzake bado atasoma tu. Ni mpaka umask iwe 002 kwa wote. Nusu ya malalamiko ya "nimeweka setgid haifanyi kazi" ni hii. Inamfaa ofisi yenye timu moja kwa folda moja, ambapo wote wanapaswa kuwa na haki sawa.

### ACL

Pale ambapo wahariri wanaandika, wahasibu wanasoma tu, na mwanafunzi mmoja wa mafunzo kazini aandike lakini asihesabiwe mhariri, ruhusa za tarakimu tatu zimeisha maneno. ACL inakuruhusu kutaja kila mmoja:

`setfacl -m g:wahasibu:rx,u:neema:rwx /srv/habari`

na kwa `-d` unaweka kanuni za kurithiwa na kila kitakachoundwa baadaye.

Upana ni kama utakavyo, hadi mtu mmoja. Mwonekano ni nusu: `ls -l` inaonyesha alama ya + mwishoni na kukuachia ukaulize getfacl. Uimara unadai uangalifu. Rsync inahitaji `-A`, tar inahitaji `--acls`, na ukisahau siku ya kuhifadhi utagundua siku ya kurejesha. Kwenye diski za mtandao, NFS toleo la 4 ina ACL za mtindo wake, tofauti na hizi.

Matunzo ndiyo yanayochosha. Ndani ya ACL kuna kinyago, yaani kikomo cha juu cha ruhusa za vikundi na watu waliotajwa. Mtu akiendesha `chmod 600` kwenye faili, kinyago kinakuwa tupu, na wote waliotajwa wanafungiwa nje ingawa majina yao bado yameandikwa. Getfacl itakuonyesha neno effective pembeni. Kanuni za kurithi zinaishinda umask, hiyo ni faida kubwa kuliko setgid peke yake, ila haziishindi ruhusa iliyoombwa na programu yenyewe: ukinakili kwa cp faili iliyokuwa 644, wenzako watabaki kusoma tu. Inamfaa msimamizi mwenye vikundi vinavyopishana na mwenye subira ya kuandika alichofanya. Kwa timu moja ni mzigo usio na sababu.

### Biti ya kunata

Hii ilianza na kazi nyingine: katika Unix ya miaka ya 1970 iliiambia mashine iiache programu katika eneo la kubadilishana kumbukumbu ili iwake haraka mara ya pili. Linux haijali hayo kwenye faili. Kwenye folda, maana iliyokuja na 4.3BSD mwaka 1986 ndiyo iliyobaki: ndani ya folda yenye t, faili inafutwa au kubadilishwa jina na mmiliki wake, mmiliki wa folda, au root. `/tmp` ni 1777 kwa sababu hiyo.

Upana wake ni kinyume cha wengine wote. Haitoi mamlaka, inayapunguza. Mwonekano ni t mwishoni. Uimara una shimo moja: tofauti na setgid, `chmod 777 /tmp` huiondoa kimya kimya, na mtu anayependa `chmod -R 777` kama dawa ya kila ugonjwa ameshaiondoa. Matunzo hayapo. Isikudanganye, hata hivyo: haizuii kusoma wala kuhariri. Faili ya 666 ndani ya folda ya t inaweza kumwagwa maudhui yote na yeyote, ikabaki jina tupu. Inamfaa folda ya kupokea kazi za watu wasioaminiana, kwa mfano ya kukusanyia mazoezi ya wanafunzi.

## Uchague lipi, kwa hali yako

Mtu anahitaji kuendesha amri moja au mbili za root, na unataka kujua nani aliendesha lini: sudo, yenye njia kamili ya amri na bila nyota.

Ni skripti: sudo tena. Setuid haitafanya kazi, na kuizungushia programu ya C ni kujitafutia kazi.

Huduma inataka poti 80 au 443: kama systemd ipo, AmbientCapabilities. Kama ni Node au Python, usiguse mfasiri kwa setcap. Iache isikilize 3000 na uweke nginx mbele yake.

Programu inahitaji kusoma faili fulani tu: setgid yenye kikundi kipya, kabla hujafikiria root.

Programu ni ya kila mtumiaji, ndogo, imekaguliwa, na lazima ifanye kazi pia kwenye BSD: setuid inastahili, ikiwezekana ya akaunti isiyo root.

Timu moja, folda moja: 2775 na umask 002. Timu hiyo ikilalamika kuhusu kufutiana, ongeza t iwe 3775. Biti hizi mbili zinakaa pamoja bila ugomvi.

Vikundi vinavyotofautiana haki katika folda moja: ACL ya kurithi juu ya setgid. Jaribu kurejesha nakala rudufu mara moja kabla hujaitegemea.

Wengi wasiojuana wanaweka faili mahali pamoja: 1777, ukiwakumbusha kwamba t hailindi maudhui.

Umerithi seva na hujui kilichowekwa: endesha `find / -xdev -perm /6000`, kisha `getcap -r /`, kisha `sudo -l -U` kwa kila mtumiaji. Faili za setuid na setgid zisizojulikana ziulize, kwenye Debian na jamaa zake, kwa `dpkg -S` zinatoka kifurushi gani. Kwenye Fedora na jamaa zake, `rpm -Va` itakuonyesha M pale ruhusa zilipobadilishwa na P pale uwezo wa kerneli ulipoguswa. Isiyo na kifurushi na isiyojulikana na mtu ofisini, ivue biti kwa `chmod u-s,g-s` na usubiri uone nani atapiga simu.